Watoto Wanaokimbia Vurugu Makwao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa walimu, wahudumu wa kujitolea, ndugu wenye mtoto aliye njiani, na yeyote aliyesikia kwamba boti imezama akajiuliza mtoto wa miaka 13 alifuata nini humo. Jambo moja litajitokeza tena na tena: njia halali ikifungwa, mtoto anayekimbia kifo haghairi safari. Anamtafuta mtu mwingine wa kumvusha, na mara nyingi mtu huyo ndiye hatari yenyewe.

Watoto hawa ni wakimbizi au wahamiaji?

Wote wawili wanaweza kuwa kwenye boti moja. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu anaogopa kwa haki kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa au kundi alilomo katika jamii. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliwaongeza wanaokimbia vita na machafuko, na Azimio la Cartagena la 1984 likafanya vivyo hivyo kwa Amerika ya Kilatini. Ndiyo maana mtoto yuleyule, kwa kisa kilekile, anaweza kutambuliwa kuwa mkimbizi katika nchi moja na kukataliwa katika nyingine.

Kwa aliye karibu na mtoto, hayo yasubiri kidogo. Kwanza ijulikane kama amekula, kama anaumwa, na kama yule anayesema "huyu ni mdogo wangu" ni ndugu yake kweli.

Ni wengi kiasi gani?

Mwisho wa 2024, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, lilihesabu watu milioni 123.2 waliong'olewa makwao kwa nguvu. Watoto ni kama asilimia 40 yao, ilhali ni asilimia 29 tu ya watu wote duniani. Wengi hawavuki hata mpaka: wanabaki ndani ya nchi zao. Kati ya wanaovuka, takriban theluthi mbili huishia nchi jirani. Wale tunaowaona kwenye picha za boti ni sehemu ndogo ya hao.

Wanakimbia nini hasa?

Inategemea mahali, na ni vyema kutaja mahali kwa jina.

Nchini Sudan vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF, na mamilioni ya watoto wamehama nyumba zao tangu siku hiyo. Myanmar, kuanzia Agosti 2017, zaidi ya Warohingya 700,000, jamii ya Waislamu walio wachache, walikimbilia Bangladesh baada ya vijiji vyao kuchomwa moto, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Eritrea, mwaka wa mwisho wa sekondari unasomewa katika kambi ya kijeshi ya Sawa, na utumishi unaofuata hauna mwisho unaojulikana. Kwa hiyo wapo wanaotoroka wakiwa na miaka 14 au 15, kabla zamu yao haijafika.

El Salvador, Honduras na Guatemala hazikuwa na vita vilivyotangazwa, ila zilikuwa na magenge. MS-13 na Barrio 18 yalizaliwa Los Angeles, yakapelekwa Amerika ya Kati na wimbi la watu waliorudishwa kwa nguvu kutoka Marekani katika miaka ya 1990. Mwaka 2015 El Salvador ilikuwa na mauaji zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000. Mvulana anaambiwa ajiunge, msichana anaambiwa sasa ni "wa" mtu fulani, na anayekataa anapewa saa chache ahame. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2014, Marekani iliwakamata kwenye mpaka wake wa kusini watoto wapatao 68,500 waliokuwa bila mzazi, wengi wao kutoka nchi hizo tatu.

Mzazi gani humwachia mtoto wake asafiri peke yake?

Swali hili huulizwa kwa ukali, na mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kulazimika kuchagua. Mzazi huyo halinganishi nyumba salama na safari ya hatari. Analinganisha hatari mbili, na ile ya nyumbani ana hakika nayo: anajua jina la kijana atakayekuja kumchukua mtoto, na pengine anajua siku.

Tena, wengi hawakuanza safari peke yao. Waliachana na wazazi katikati ya purukushani ya kituo cha ukaguzi, kwenye mto uliojaa ghafla, au pale dalali aliposema "watoto gari hili, wakubwa lile." Wapo pia waliowazika wazazi wao njiani. Na wapo walioondoka bila kuaga, wakiwa na rafiki, kwa sababu walijua mama angewazuia.

Msamiati wa mashirika hutofautisha mtoto asiye na mtu mzima yeyote wa kumlea na mtoto aliyetengana na wazazi lakini yuko na shangazi, kaka au babu. Tofauti hiyo ni muhimu. Mpakani, maafisa wengi humtenga mtoto na shangazi yake kwa kuwa shangazi hana karatasi ya ulezi, na dakika hiyo mtoto aliyekuwa na mtu anabaki hana mtu.

Kwa nini wasiombe visa, wapande ndege?

Kwa sababu karibu hakuna visa ya kwenda kuomba hifadhi. Kwa kawaida mtu huomba hifadhi akiwa tayari amefika katika nchi anayoiomba. Na kufika kwa ndege kumezibwa: kwa agizo la Umoja wa Ulaya la 2001, shirika la ndege linalombeba abiria asiye na hati hutozwa faini na hubeba gharama ya kumrudisha. Hivyo anayeamua kama mtoto ataomba hifadhi ni karani wa kaunta ya uwanja wa ndege, mtu asiye na mafunzo ya sheria ya wakimbizi wala mamlaka ya kuamua jambo hilo. Kiti cha ndege kingegharimu kidogo kuliko wanachotozwa na wasafirishaji haramu. Hapa ndipo hatari nyingi zinapotengenezwa, na zinatengenezwa kwa maandishi, ofisini, mbali na bahari.

Njiani kuna hatari gani?

Mradi wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, unaohesabu wahamiaji waliokufa au kupotea, umeandika zaidi ya watu 70,000 tangu 2014, na bahari kati ya Libya, Tunisia na Italia ndiyo iliyoua wengi zaidi. Hao ni waliojulikana. Jangwani hesabu ni ngumu zaidi: lori likiharibika Sahara, hakuna simu wala shahidi, na mtoto huishiwa maji mwilini haraka kuliko mtu mzima.

Boti za mpira zinahitaji kuelezwa kwa karibu. Watu wazima hukaa ukingoni, mguu mmoja nje. Wanawake na watoto huwekwa katikati, sakafuni, kwa nia njema, ili wasitupwe na mawimbi. Lakini petroli inayomwagika wakati wa kujaza tangi hukusanyika hapohapo sakafuni, ikachanganyika na maji ya chumvi, na mchanganyiko huo huchoma ngozi. Mtoto anakaa ndani yake kwa saa nyingi, nguo zimeloa, bila kuhisi mapema kwamba anaungua. Wahudumu wa meli za uokoaji wamewatibu wengi wenye majeraha haya mapajani na makalioni. Mvuke wa petroli nao humlegeza mtu, na mtoto aliyelegea huzama katika maji ya kina kifupi kabisa, ndani ya boti yenyewe.

Meli kubwa si salama zaidi. Tarehe 14 Juni 2023 meli ya uvuvi iliyokadiriwa kubeba watu 750 ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Waliookolewa ni 104, na hakuna mwanamke hata mmoja kati yao; manusura walisema wanawake na watoto walikuwa chini, kwenye ngama. Hata jaketi la kuokolea maisha si la kuaminika. Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata Izmir zaidi ya majaketi 1,200 bandia, yaliyojazwa vitu vya kufungashia ambavyo hunywa maji badala ya kuelea.

Nchi kavu, kati ya Colombia na Panama, kuna msitu wa Darién. Mwaka 2023 pekee watu zaidi ya 520,000 walikatiza humo, na kama mmoja kati ya watano alikuwa mtoto. Mito hupanda kwa dakika chache, na vikundi vya waporaji huwasubiri watu kwenye miteremko. Mexico kuna treni ya mizigo wanayoiita La Bestia, ambayo mtu hudandia juu ya paa. Akisinzia, anaanguka chini ya magurudumu, na wapo vijana waliopoteza miguu hivyo. Na Juni 2022, huko San Antonio, Texas, watu 53 walikufa kwa joto baada ya kufungiwa ndani ya trela, watoto wakiwemo.

Kuna pia njia isiyotangazwa sana, ile ya Pembe ya Afrika: kutoka Ethiopia hadi Obock nchini Djibouti, kuvuka kwenda Yemen iliyo vitani, kisha kuelekea Saudi Arabia. Mwaka 2023 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, ilitoa ripoti kwamba walinzi wa mpaka wa Saudi Arabia waliwaua mamia ya Waethiopia, wakiwemo watoto, waliojaribu kuvuka kutoka Yemen. Saudi Arabia ilikanusha.

Nimesikia watoto wanasafirishwa bure kisha wanadaiwa. Ikoje?

Ni kweli, na wazazi wanapaswa kuijua. Dalali, ambaye mara nyingi ni kijana wa mtaani anayefahamika, humwambia mtoto asafiri sasa, malipo baadaye. Hakuna bei inayotajwa, au inatajwa ndogo. Mtoto hana pesa, mzazi hana habari, kwa hiyo hakuna wa kumzuia. Akishafika mahali ambapo hawezi kurudi, ghala fulani Libya au nyumba ya kulindwa karibu na mpaka, bei inatajwa upya na simu inapigwa nyumbani. Mama anasikia mwanawe akipigwa huku akiambiwa namba ya kutumia hela.

Kati ya 2009 na 2014 hali hii ilifikia kilele katika rasi ya Sinai nchini Misri, ambako Waeritrea waliotekwa walidaiwa kikombozi cha dola 30,000 na zaidi. Familia ziliuza mashamba, zikachangisha makanisani na misikitini, na wengine walilipa mara mbili, kwa kuwa mateka aliuzwa tena kwa kundi jingine baada ya kulipiwa. Mbinu haikufia Sinai. Ilihamia Libya.

Familia ikipata simu ya aina hii, isikae nayo peke yake wala kuharakisha malipo ya kwanza kwa hofu. Iandike namba, saa na kila neno lililosemwa, na iwahusishe polisi au shirika la kupambana na biashara haramu ya binadamu, hasa kama kuna ndugu walioko nchi zenye vitengo vya kesi hizi. Najua ushauri huu ni mgumu kwa mzazi anayesikia kilio. Lakini anayelipa kimyakimya mara nyingi anapigiwa tena.

Wasichana wana hatari gani ya ziada?

Ubakaji umezoeleka kiasi kwamba baadhi ya wasichana huchomwa sindano ya kuzuia mimba kabla ya kuondoka, Amerika ya Kati na hata Afrika Mashariki na Magharibi. Fikiria mama anayempeleka binti yake wa miaka 15 kliniki kwa sababu hiyo. Ngono hudaiwa kama nauli, kama ruhusa ya kupita kizuizi, kama bei ya mahali pa kulala.

Wavulana nao hubakwa, hasa vizuizini Libya, na wao hunyamaza zaidi. Mhudumu asingoje mtoto aseme mwenyewe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, kwa hiyo huduma ya afya hutangulia mahojiano yoyote ya polisi.

Akishavuka mpaka si yuko salama?

Wengi huruka majivu wakakanyaga moto. Kuna kurudishwa papo hapo kabla ya kusikilizwa, na kuna kufungwa. Mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, zilisema wazi kwamba kumfungia mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji hakuna siku kutakuwa kwa maslahi yake. Hata hivyo nchi nyingi bado zinawafungia.

Kuna pia kutenganishwa kwa makusudi. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliamua kuwashtaki kwa jinai wazazi wote waliovuka mpaka wa kusini bila kibali, na kwa kuwa mtoto haendi jela na mzazi, maelfu ya watoto walichukuliwa. Juni mwaka huo jaji wa San Diego aliamuru warudishwe. Ndipo ikagundulika kwamba hapakuwa na kumbukumbu ya kuaminika ya mtoto yupi ni wa mzazi yupi, na baadhi ya wazazi walikuwa tayari wamerudishwa makwao bila watoto.

Kwa nini watoto hupotea wakiwa tayari wameandikishwa?

Januari 2016 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilisema angalau watoto 10,000 wasio na wazazi walikuwa wamepotea Ulaya baada ya kuandikishwa. Wengine waliondoka wenyewe kumfuata kaka au mjomba nchi ya mbele, kwa sababu utaratibu halali wa kuwaunganisha unachukua miezi na hakuna aliyewaeleza umefikia wapi. Wengine wana deni na msafirishaji anayejua kituo walipo. Wengine walichukuliwa na watu wanaowatumikisha kwenye mashamba ya bangi, majumbani au kwenye ukahaba. Uingereza, watoto walipowekwa hotelini bila mlezi, zaidi ya 200 walikuwa hawajulikani walipo mapema 2023, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwaweka hotelini kama kawaida ya kazi ni kinyume cha sheria.

Italia ilichukua njia nyingine: sheria yake ya 2017 inakataza kumrudisha mpakani mtoto asiye na mzazi, na inaruhusu raia waliopewa mafunzo kuwa walezi wake wa kisheria. Mtoto mwenye mtu mmoja anayejua jina lake na kumpigia simu kila wiki ana sababu ya kungoja.

Umri unapimwaje mtoto akiwa hana cheti?

Vibaya, mara nyingi. Kipimo kinachotumika sana ni eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono, inayolinganishwa na picha za mifupa katika kitabu cha Greulich na Pyle cha 1959, kilichotokana na watoto Wazungu wa familia zenye uwezo nchini Marekani miaka ya 1930. Mifupa ya kijana aliyekulia kwenye njaa, au wa asili nyingine kabisa, haisomeki kwa uhakika humo. Kosa linaweza kufika miaka 2 kila upande, na kwa mtu anayesema ana miaka 17 hiyo ndiyo tofauti yote: chumba cha watoto au kizuizi cha watu wazima. Kanuni ni kwamba penye shaka, achukuliwe kuwa mtoto. Nadhani ni kanuni sahihi. Kumweka kijana wa miaka 19 pamoja na wa 16 ni tatizo linalosimamika. Kumlaza mtoto wa miaka 15 kwenye bweni la wanaume wasiomjua ni hatari ambayo hairekebishiki baada ya kutokea.

Sheria inamlinda vipi?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unazifunga nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, iliyosaini 1995 bila kuridhia. Ibara ya 22 inamhusu mtoto mkimbizi moja kwa moja, awe na mzazi au la. Afrika ina Mkataba wake wa 1990 wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 23. Mkataba wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, na unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali ilimradi amekuja moja kwa moja kutoka penye hatari na amejitokeza mapema.

Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Marekani, kwa mfano, mtoto hana haki ya wakili wa kulipiwa na serikali katika mahakama ya uhamiaji, na watoto wadogo sana wamewahi kusimama mbele ya jaji bila wakili, wakikabiliana na mwanasheria wa serikali.

Nikikutana na mtoto wa namna hii nifanye nini?

Mpe maji, chakula na mahali penye watu. Mwambie wewe ni nani na unakwenda kumwita nani. Usimhoji kisa chote. Kila akirudia kusimulia anaumia, na maelezo yanayotofautiana kidogo huja kutumiwa dhidi yake mbele ya maafisa. Usimchukue nyumbani kwako kimyakimya, hata kwa huruma: ndivyo wanavyofanya wenye nia mbaya, na atakosa kuandikishwa. Muite afisa ustawi wa jamii, au UNHCR, au UNICEF, au Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Usimpige picha ukaiweka mtandaoni, kwani waliomkimbiza nao wana simu.

Kagua naye kwa upole vitu alivyobeba, lakini usitupe chochote. Namba ya simu hushonwa kwenye pindo la shati au kuandikwa kwa kalamu mkononi, ambako jasho huifuta. Inakili mara moja. Meli ya wahamiaji iliyozama katika Bahari ya Mediterania tarehe 18 Aprili 2015 ilipoinuliwa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Milan wakiongozwa na Cristina Cattaneo walikuta ndani ya nguo ya mvulana wa miaka kama 14 kutoka Mali ripoti yake ya shule, imekunjwa na kushonewa. Alama za hesabu na fizikia zilikuwa bado zinasomeka.

Familia yake inatafutwaje?

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya kila nchi hutafuta ndugu bila malipo na bila kupeleka taarifa kwa polisi wa uhamiaji. Mtoto huulizwa majina ya utani ya wazazi, jina la mwalimu, mto au soko la karibu, kwa sababu mtoto wa miaka 6 hajui wilaya yake lakini anajua kisima. Akiwa na ndugu zake wadogo, wasitenganishwe hata kwa usiku mmoja. Na kabla ya kurudishwa kwa familia iliyopatikana, inakaguliwa kama kurudi huko hakutamweka mikononi mwa aliyemkimbia.

Anapotimiza miaka 18 inakuwaje?

Katika nchi nyingi malezi, makazi na mlezi hukoma siku hiyo, hata kama ombi lake limekaa mezani miaka miwili bila kosa lake. Kwa wanaoomba hifadhi katika Umoja wa Ulaya kuna nafuu moja inayosahaulika. Tarehe 12 Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba aliyekuwa chini ya miaka 18 alipoomba hifadhi hubaki na haki ya mtoto ya kuwaleta wazazi wake, hata akifikisha umri huo kabla ya kujibiwa. Sharti ni kwamba ombi la kuwaleta lipelekwe, kwa kawaida, ndani ya miezi 3 tangu atambuliwe kuwa mkimbizi. Mlezi au wakili wake na aandike tarehe ya uamuzi siku ileile barua inapofika, na aanze kukusanya vyeti vya wazazi kabla haijafika.